Miti Iliyokubali Sigor

Siku yangu ya kwanza kazini mvua ilikuwa imeanza tangu alfajiri, ile mvua ya Kericho isiyo na haraka, na nilifika kwenye kitalu cha miche nikiwa nimelowa hadi mabegani. Nilikuwa msichana, nimetoka tu kumaliza kidato cha nne. Wazazi wangu walikuwa wachuma chai katika shamba hilohilo. Walikuja kutoka upande wa ziwa kabla sijazaliwa, nami nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi, nikakua nikiongea Kijaluo ndani ya nyumba na Kipsigis nje ya mlango. Mama ndiye aliyeniombea nafasi kitaluni. Hakutaka nibebe kikapu cha chai mgongoni kama yeye.

Msimamizi wa Kitalu alikuwa mzee mrefu mwenye maneno machache. Tulimwita Mzee Rono.

"Jina?"

"Akinyi."

"Akinyi, unajua kujaza karatasi?"

Karatasi, kwa lugha ya kitalu, si ya kuandikia. Ni mfuko mwembamba mweusi wa plastiki unaojazwa udongo ili mche ukae humo hadi siku ya kupandwa. Nilimjibu kwamba sijui.

"Vizuri," alisema. "Wanaojua ndio hunisumbua. Njoo hapa."

Alinifundisha kuchanganya udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyooza, kisha akanionyesha namna ya kugonga mfuko kidogo chini kila unapoongeza konzi moja. "Ukishindilia sana, mzizi unakosa pumzi. Ukilegeza, maji yanapita yote. Sikiliza mkono wako." Nilijaza karatasi siku nzima. Jioni vidole vilikuwa vimekauka kama magome, lakini Mzee Rono alipita, akabonyeza mifuko yangu mmoja mmoja, akaguna, akaenda zake. Wenzangu walinieleza kwamba ule mguno ndio sifa yake.

Wapita njia wakiona vilima vyetu vya kijani hudhani shamba la chai ni chai tupu. Sivyo. Kila shamba lina mabonde, kingo za mito na miteremko ambako chai haiwezi kukaa, na huko ndiko miti ya asili inakotakiwa kulindwa au kurudishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kitalu chetu. Kulikuwa na kitalu kingine cha chai na cha mikaratusi, miti tunayoiita blugamu, inayokatwa kuni za kukaushia majani kiwandani. Kile chetu kilikuwa kidogo, kimejificha chini karibu na mto, na watu wa kitalu kikubwa walitutania kwamba sisi tunapanda magugu.

Mzee Rono alipenda sana mti mmoja unaoitwa lamaiywet, ambao ni jamaa wa mzambarau. Matunda yake ya zambarau huanguka kando ya mito na watoto wote wa huku wamewahi kurudi nyumbani midomo imebadilika rangi kwa kuyala. Alinionyesha jinsi mti ule unavyosimama na miguu majini mwaka mzima bila kuoza, na jinsi mizizi yake inavyoshika ukingo wa mto kama vidole vinavyoshika ukuta.

"Sasa chukua mbegu yake," aliniambia. "Mbegu nyingine unaweza kuanika na kuweka hata mwaka. Hii ukiianika juani kama maharage, unapanda maiti. Unajua kwa nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Kwa sababu haijawahi kukosa maji. Mama yake hakuifundisha ukame. Hapa ikianguka, inaanguka kwenye matope. Ya nini kujikaza?"

Ndivyo alivyofundisha, kana kwamba kila mti ulikuwa na malezi yake. Kupitia kwake nilijua kwamba mzeituni wa msituni, ambao Wakipsigis huuita emitiot, una majani madogo magumu, yamepauka upande wa chini, kwa sababu huishi mahali ambapo kila tone la maji ni mali. Nilijua kwamba mianzi hujifunga kwa mizizi chini kwa chini, ndiyo maana mteremko wenye mianzi haushuki. Kazi ya kitalu, kama ningeulizwa kwa kifupi, ni kumlea mtoto wa mti bila kumharibu. Ukimwagilia kila siku hadi mwisho, siku ya kupandwa atakufa kwa mshtuko. Kwa hiyo wiki za mwisho unapunguza maji, unaondoa kivuli, unamwacha jua limpige kidogo kidogo. Hilo tuliliita kukomaza miche.

Miaka ilienda. Niliolewa na fundi wa mitambo wa kiwandani, tukapata watoto, nikapanda cheo hadi fundi wa mbegu, kazi yake kutembea msituni kuchagua miti mama yenye afya na kukusanya mbegu. Mzee Rono alistaafu, nikawa naibu msimamizi. Kisha akaja Ofisa wa Miti ya Asili, Madam Chelangat, mwanamke kijana aliyesomea misitu chuo kikuu. Baadhi yetu tulijiandaa kupambana naye. Hakukuwa na haja. Siku ya kwanza alivua viatu vya ofisini, akavaa gambuti, akauliza maswali mpaka saa ya chakula ikapita.

Madam Chelangat ndiye aliyenipeleka Pwani. Kulikuwa na mafunzo ya watu wa vitalu kutoka pande zote, na yeye akasema, "Mama Achieng, utaenda wewe. Mimi nimeisoma mikoko kwenye vitabu tu. Uende uione, urudi unieleze." Achieng ni kifungua mimba wangu, huku watu hukuita kwa jina la mtoto.

Sikuwahi kuona bahari. Nilipofika nikaona msitu umesimama ndani ya maji ya chumvi, nikafikiri macho yananidanganya. Mwalimu wetu alikuwa Bi Zuhura, mama mnene mcheshi aliyepanda mikoko karibu maisha yake yote. Alichuma jani la mti unaoitwa mchu, akaniambia niliguse kwa ulimi. Lilikuwa na chumvi juu yake.

"Hunywa maji ya bahari, kisha chumvi huitoa kwa majani," alisema. "Na hivi vijiti unavyoviona vimechomoza matopeni ni mizizi yake. Tope halina hewa, basi huleta pua juu."

Kilichonigusa zaidi kilikuwa mkoko wenyewe. Mbegu yake haianguki ikiwa mbegu. Huotea juu, kwenye tawi la mama, ikarefuka kama kijiti cha kijani, na inapodondoka tayari ni mche wenye ncha ya kuchoma matope.

"Ya nini kungoja hivyo?" nilimuuliza.

"Aanguke mbegu, mawimbi yamchukue?" Bi Zuhura alicheka. "Huyu hamwachi mwanawe mpaka ajue mahali anapokwenda."

Nilirudi Kericho na hayo maneno. Nilimweleza Madam Chelangat mambo yote, hata ladha ya lile jani, naye akaniambia kwamba wasomi wana jina la jambo hilo la mama kumwandaa mtoto kwa mahali pake: asili ya mbegu. Maana yake, miti miwili ya aina moja, mmoja umezaliwa penye mvua na mwingine penye ukame, si lazima watoto wao wafanane tabia. Tulikubaliana sote wawili kwamba ni jambo la maana. Hatukujua kwamba tungelijaribu kwa uchungu.

Mwaka uliofuata shamba letu liliingia katika mradi wa kurejesha ardhi iliyoharibika, na mimi nikatumwa Sigor, upande wa Chepalungu. Ukitoka Kericho ukapita Kapkatet, Bomet, ukashuka zaidi, chai inaisha. Hewa inakauka, mgunga unaanza kuonekana, mahindi yanabahatisha. Nilipewa chumba karibu na senta na pikipiki ya mradi yenye dereva, na orodha ya makorongo ya kushughulikia.

Korongo baya zaidi lilikuwa kwa Mama Chebet.

Alikuwa mjane wa umri wangu, mfupi, mwenye sauti ya kukata. Korongo lilikuwa limeanza kama mfereji wa ng'ombe wakienda kunywa maji. Kila mvua lilikula kipande. Nilipofika lilikuwa limekwisha kumeza choo na nusu ya shamba la mahindi, na kichwa chake, ile ncha ya juu inayoendelea kula ardhi, kilikuwa kimeelekea nyumba moja kwa moja. Mwanawe aliyekuwa Nakuru alimwomba ahame. Shemeji yake, Wilson, mdogo wa marehemu mume wake, aliyekuwa na boma ng'ambo ya korongo, alimwambia hivyohivyo, lakini kwa namna nyingine.

"Wilson anasema hii shamba imekufa, niwachie yeye alishie mbuzi," Mama Chebet aliniambia siku ya kwanza, tumesimama ukingoni. "Mimi nimezikia mzee wangu hapa. Niende wapi? Usiku mvua ikinyesha nasikia udongo ikianguka, puu. Nakaa tu kwa kitanda nangojea."

Nilimuuliza kama wamewahi kukaa chini na Wilson.

"Hatuongei."

Mvua ilikuwa karibu, na mradi ulitaka miti ardhini kabla haijaanza. Miche tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kitalu chetu cha Kericho. Madam Chelangat alishuka mwenyewe kuja kuona mahali, akainama, akaubomoa udongo kwa vidole. "Sina raha," aliniambia. "Lakini tusipopanda sasa tunapoteza msimu mzima. Tupande tulicho nacho, tuikomaze kadiri tuwezavyo." Nami niliona vivyo hivyo. Tulichimba vijaruba vya nusu mwezi, vile vishimo vya kukinga maji ya mteremko, tukapanda. Mama Chebet alipanda pamoja nasi, akaimba wimbo wa kanisa, akatuletea chai ya maziwa kwenye birika kubwa.

Miche ilichipua vizuri mvua iliponyesha. Kisha mvua ikakata mapema. Majani yale mapana ya watoto wa Kericho yalilegea, yakakunjika, yakawa ya kahawia. Iliyobaki ikaliwa na mbuzi wa Wilson, waliovuka korongo kama kwao. Nilipokuja kukagua, Mama Chebet alikuwa amekaa kwenye jiwe katikati ya vijiti vilivyokauka.

"Nilikuwa nawapea maji ya kuoshea vyombo," alisema. "Kila jioni. Haikusaidia."

Hakunilaumu. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenilaumu. Wilson alikuwa amesimama ng'ambo, mikono nyuma, kofia imeshuka usoni. Akapaza sauti, "Mama wa Kericho! Rudisha miti yako nyumbani. Hii si nchi ya chai!"

Mradi ulituma ujumbe kwamba eneo lile liachwe, nguvu zipelekwe kwingine. Nilimpigia simu Madam Chelangat. Nilimwambia, "Madam, naomba msimu mmoja tu. Safari hii tusilete mche hata mmoja kutoka juu. Tutafute miti mama ya hapa." Naye akajibu, "Mimi pia nimekuwa nikifikiria hilo. Nitawaambia tunafanya jaribio. Na ni kweli, ni jaribio."

Basi mimi na Mama Chebet tukaanza kutembea. Hatukutafuta miti mizuri. Tulitafuta ile ambayo hakuna aliyeitunza. Juu ya ukingo wa korongo, mahali udongo umening'inia, tulikuta tangaratwet, mshubiri wenye majani manene yaliyojaa maji yake mwenyewe, umeshika pale bila msaada wa mtu. Tulikuta kuresiet, ule mti wa utomvu mweupe unaofanana na kinara cha mishumaa, ambao hauna haja ya majani kwa kuwa shina lake ndilo mtungi. Mama Chebet alinikanya nisiuguse na kujipangusa macho. Vipandikizi vya miti hiyo miwili tulikata vingi. Vilikuwa vya kushika kingo na kuwa ua.

Lakini korongo haliponi kwa kingo peke yake. Tulihitaji mti wa mzizi mrefu ndani, na hapo hapakuwa na shaka ulikuwa mgunga. Mgunga huteremsha mzizi chini kabla hata ya kuonyesha shina la maana juu. Unaweza kudhani mche umedumaa, kumbe uko kazini usikoona. Tatizo lilikuwa mbegu. Maganda yalikuwa yameshaanguka na yote yameliwa. Tulizunguka siku nzima, tukapata konzi moja, nyingi zikiwa na matundu ya wadudu.

Tulikaa kupumzika. Ng'ambo, mbuzi wa Wilson walikuwa wakitafuna.

"Waliokula maganda ndio hao," Mama Chebet alisema kwa hasira.

Nikamtazama, naye akanitazama. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu kama kifungo cha shati, maji hayapenyi. Kitaluni tunailowesha katika maji ya moto ili ilainike. Lakini tumboni mwa mbuzi hulainika pia, na nyingi hutoka nzima pamoja na kinyesi. Mti huo na wanyama hao wamefanya kazi pamoja tangu zamani. Mbegu zetu zote zilikuwa ndani ya boma la Wilson, zimelala katika samadi.

"Mimi siendi huko," Mama Chebet alisema.

"Twende wote."

"Akinifukuza?"

"Atatufukuza wote wawili."

Tulivuka. Wilson alikuwa akinoa panga kivulini. Aliona shemeji yake akiingia bomani kwake, akasimama haraka, na nikaona ya kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshtuka. Mama Chebet alitazama chini. Kisha akamsalimu.

"Chamgei, Wilson."

"Chamgei mising'," aliitika polepole. Akaleta viti.

Nilimweleza tunachotaka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Mmetoka kule kwa sababu ya mavi ya mbuzi?" Lakini alichukua sepetu mwenyewe. Tulichekecha samadi ile kwa chekecheke ya mchanga, na mbegu za kahawia zikabaki zinang'aa. Wilson alichukua kiganja kizima, akazigeuza.

"Hizi zote zilikuwa hapa?"

"Zote."

"Na hizi ndizo zitazuia korongo ya Mama Chebet?"

Mama Chebet ndiye aliyejibu. "Ikifika kwangu, Wilson, itafika kwako. Korongo haijui mpaka."

Wilson alizimimina kwenye gunia letu.

Tulizipanda moja kwa moja ardhini, bila karatasi, kwa kuwa mzizi wa mgunga haupendi kukunjwa mfukoni, na mvua ilipoanza zikatokeza vichwa. Mwezi huo niliona kitu ambacho bado hunichekesha. Wilson alikuja kila asubuhi. Alitembea katikati ya miche, mikono nyuma kama kawaida yake, akihesabu kwa midomo. Mbuzi wake walipojaribu kuvuka, aliwarushia mawe.

"Hii ni mbegu yangu," alimwambia jirani mmoja mbele yangu, kwa ukali. "Imetoka kwa boma yangu. Fungeni mbuzi zenu."

Ukame ulirudi, kama unavyorudi kila mwaka. Miche ikasimama. Ilikuwa midogo, yenye miiba, haikuvutia macho, na mgeni angedhani imeshindwa. Siku moja Wilson aliufukua mmoja pembeni, akiwa na wasiwasi, akachimba akifuata mzizi, akachimba tena, mpaka akaacha. "Huyu ameenda wapi?" aliuliza. Akaufukia kwa haraka kama aliyefungua mlango wa watu waliolala.

Korongo halikuzibika, nisiwadanganye. Bado lipo. Lakini kichwa chake kiliacha kusogea, kisha nyasi zikashuka ndani yake, na matope ambayo zamani yalikwenda mtoni yakaanza kubaki. Tulitumia njia hiyohiyo katika makorongo mengine; mahali pengine ilifaulu, mahali pengine ilikataa, na Madam Chelangat aliniagiza nimweleze yaliyokataa kwanza.

Nilistaafu nikiwa Msimamizi wa Kitalu. Sasa naishi karibu na Merigi, na vijana wa vitalu huja kuniuliza mti gani ni mzuri. Nawaambia swali hilo halijakamilika. Mzuri wapi? Lamaiywet aliyenilea kazini angekufa Sigor mwezi mmoja, na mgunga ungeoza pale mtoni. Hakuna aliye dhaifu kati yao. Nawaambia pia wasione aibu kwa miche iliyokufa mikononi mwao, ilimradi wamekaa nayo kidogo kuuliza ilikuwa imelelewa kwa ajili ya mahali gani. Kazi hii inataka moyo laini na uvumilivu. Haraka yetu ndiyo huua mingi.

Juzi Mama Chebet alinipigia simu, akasema niende Sigor, nisiulize kwa nini. Nilipofika, Wilson alikuwa juu ya paa akipigilia mabati, wakiongea na shemeji yake kwa kelele kuhusu misumari. Mama Chebet alinishika mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba. Alikuwa akijenga jiko jipya, kubwa, lenye dirisha.

Alilijenga upande wa korongo.

"Huku kuna upepo mzuri," alisema.